Majivu ya Miwa Kwenye Bawa

Kwa miaka mitatu Jepkorir alikuwa akirusha ndege ndogo ya watu wawili kutoka Kitale, akiwapeleka wataalamu wa kilimo kupiga picha za mashamba. Ndege yenyewe ilikuwa nyeupe, laini kama sahani, na haikuwahi kumtisha. Jumanne ile, saa nne asubuhi, ilimtisha.

Abiria wake alikuwa Levi, mtaalamu wa miwa, mzaliwa wa Kabuchai. Walikuwa juu ya Kabuchai kwenyewe, manyunyu yakianza, Levi alipoona shamba la miwa linaungua.

"Kapteni, hebu pita hapo kwa moshi. Nataka kuona moto umefika wapi."

Jepkorir alijua hakupaswa. Lakini moshi ulionekana mwembamba, naye hakutaka kuonekana mwoga. Akapita. Vipande vyeusi vya majani ya miwa vilipeperuka mbele ya kioo, wakatokea upande wa pili, Levi akacheka kwa kuwa kamera yake ilipata ilichotaka.

Hazikupita dakika mbili, usukani ukaanza kutetemeka. Pua ya ndege ikainama. Jepkorir akaivuta taratibu. Ikainuka kidogo, kisha bawa la kushoto likazama ghafla. Injini ilinguruma sawasawa. Mafuta yalikuwepo. Akageuza shingo kutazama bawa, ndipo akaona: ukingo wake wa mbele, uliolowa manyunyu, ulikuwa umejaa chembe nyeusi kutoka shina hadi ncha.

"Kuna nini?" Levi akauliza.

"Majivu yameshika kwa mabawa."

"Si ni majivu tu? Hayana hata uzito."

"Shida si uzito. Upepo unapita hapo kwa kasi, umelala vizuri juu ya bawa. Ukikutana na chembe, hata ndogo kama punje ya sukari, unavurugika, unaanza kujizungusha. Ukishavurugika, bawa halitubebi kama kawaida."

Levi akaiweka kamera chini ya miguu, akakishika kiti kwa mikono miwili.

Kitale iko juu zaidi; kurudi huko kulihitaji kupanda, na ndege haikutaka kupanda. Kila alipojaribu, mtetemo ulizidi. Palibaki kiwanja kimoja tu cha ndege, cha nyasi, nje ya mji wa Bungoma, tena kifupi.

Miti ilikuwa inakaribia. Aliweza kuona kuku uani mwa watu. Mikono yake ilitaka kuvuta usukani, kuikimbia ardhi, na alijua akivuta, mabawa yataacha kabisa kuwabeba. Akausukuma mbele. Ndege ikaelekea chini, ikaongeza mwendo, mtetemo ukapungua. Levi alikuwa akiomba kwa Kibukusu, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto mgonjwa.

"Bwana Levi, kaza mkanda. Tutatua na mwendo mkali."

Magurudumu yaligonga nyasi, yakaruka, yakagonga tena. Akakanyaga breki. Nyasi zilikuwa zimelowa, ndege ikateleza tu, ua wa miiba ya kayaba ukija mbele yao. Jepkorir akafumba macho. Miiba ikakwaruza kioo, pangaboi ya puani ikavunjika kwa mlio mkavu, kisha pakawa kimya.

Walishuka. Levi akapitisha kidole kwenye ukingo wa bawa. Ulikuwa unakwaruza kama msasa.

"Ni mimi nilikwambia upite," akasema.

"Usukani ulikuwa kwangu."

Jepkorir akampigia simu mwenye ndege, mzee Kibiwott, aliyekuwa Kitale. Angeweza kusema ni mvua.

"Mzee, ndege iko ndani ya ua. Nilipita kwa moshi wa miwa nikijua haifai."



"Mmeumia?"

"Hapana."

"Basi msiiguse. Nakuja na gari. Hayo mengine tutaongea, na tutaongea kweli."

Akakata simu. Akaketi pale pale kwenye nyasi zenye maji. Levi, ambaye nyumbani kwao hakukuwa mbali, hakwenda popote. Akavua koti, akamfunika mabega, akaketi kando yake wakingoja gari kutoka Kitale.