Nembo Juu ya Baka

"Kitendawili!" alisema Mwamini.

"Tulia, mtoto, usinitikisie mkono," alisema Sabaha. Kisha, kwa kuwa kitendawili hakikataliwi, akaongeza, "Tega."

"Watoto wangu wamesimama juani. Wakifungua vinywa, nawapindua kichwa chini."

Sabaha aliukazia macho mkono wa msichana. Jibu alikuwa nalo, maana ni yeye aliyemfundisha mjukuu wake kitendawili hicho, na ufuta wenyewe ulikuwa umesimamishwa palepale uani, matita kwa matita, ukingoja kukauka. Lakini wembe ulikuwa umesimama katikati ya ngozi.

Huyu Sabaha alikuwa mchanja nembo, zile chale za urembo. Nusu ya wanawake wa Nambilanje walibeba kazi ya mkono wake, wengine usoni, wengine kiunoni mahali panapojulikana na mume peke yake. Na katika wote hao hakuna aliyechanjwa akacheka. Kuna waliouma kanga hadi ikatoboka. Kuna waliomtukania mama yake mzazi, kisha wakaja na kuku kuomba radhi kidonda kilipokauka. Ashura, jirani yake, ilibidi wanawake watatu wamkalie. Sabaha hakuwachukia kwa kelele zao. Kelele ndizo zilizomwambia kwamba wembe umefika panapotakiwa, basi, usizidi.

Mwamini naye alianza vizuri tu. Mstari wa kwanza, chini kidogo ya bega la kushoto, alipiga yowe kuku wakakimbia. Kisha wembe ukaingia ndani ya baka lililokuwa hapo mkononi, na yowe likakoma. Ukatokea upande wa pili: "Yalaa, bibi!" Mstari wa pili ukawa vivyo hivyo, kelele, kimya, kelele. Huko katikati, kwenye kimya, ndiko msichana alikopata nafasi ya kutega vitendawili. Ukingo wa kimya hicho Sabaha aliweza kuufuata kwa ncha ya wembe, kama mkulima anavyoujua mpaka wa shamba lake kwa nyayo.

"Umeshindwa!" Mwamini akacheka. "Nipe mji."

"Chukua Lindi."

"Nimekwenda Lindi, nimelala kitanda cha liwali, nimekula wali wa nazi, wewe nikakuachia ukoko. Ufuta, bibi! Umezeeka sasa." Akacheka tena, huku damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Baka lenyewe lilikuwa la rangi ya udongo wa kichuguu, pana kama jani la mkunde. Lilitokea masika. "Ni mba hiyo," alisema Sabaha siku ile, na tangu hapo akawa anasema hivyo kila alipoliona, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Ikaja habari kwamba serikali inapima ukoma, ule ambao wazee waliuita matana. Walikuwa wameanzia Nanganga. Huko walimchukua mke wa Saburi kumpeleka kambi ya misheni, na kabla vumbi la lori halijatua, mashemeji zake walikwisha kuitia moto nyumba yake. Na Mwamini alikuwa ameposwa na Swalehe, mtoto wa Zaina, arusi baada ya mavuno ya ufuta. Ndipo Sabaha akawaza: mba ni mba, lakini wageni watajuaje? Tuifunike kwa nembo. Nani atauliza nembo ya biarusi?

Sasa alipaka masizi ya mbarika yaliyosagwa na mafuta, akayasukuma ndani ya michanjo kwa kidole gumba. Kwa nguvu. Kwa nguvu kuliko desturi yake.

"Imekwisha?" aliuliza Mwamini.

"Imekwisha."

"Kumbe wanawake mnapenda kukuza mambo! Ashura aliniambia nitajikojolea."

"Ashura mwoga," alisema Sabaha, akaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Akanawa, akanawa.

Lori la wapimaji lilifika nembo ikiwa bado mbichi. Lilikuwa moja ya yale yaliyobaki Nachingwea baada ya mashamba ya karanga ya Wazungu kufa, na lilikohoa njia nzima. Jumbe akawapanga watu, wanaume upande wa barazani, wanawake nyuma ya ua wa mabua. Dresa, yaani mwuguzi, aliyewapima wanawake aliitwa Fidelis, mtu mzima, Mmwera wa upande wa misheni, mwenye sauti ya chini na unyoya wa kuku mkononi.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, weka kidole hapo."

"Nami niguse sana, dresa," alisema Ashura zamu yake ilipofika. "Mume wangu amesahau njia."

"Fumba macho, nisije nikakoseshwa kazi."

Wanawake wakaangua kicheko. Hata Sabaha alicheka, na kicheko chake akakisikia kama cha mtu mwingine.

Ikafika zamu ya Mwamini. Fidelis akamshika masikio, akamtazama mgongo, akapitisha unyoya mashavuni na mkono wa kulia. Kila mahali msichana aliweka kidole palepale. Dresa akageukia mkono wa kushoto, akaona michanjo imevimba, ina magamba meusi.

"Nembo mpya? Wasichana wa siku hizi wanazikimbia."

"Anaolewa," alisema Sabaha haraka.

"Haya, hongera. Hapa nisimtonese. Pita, binti."

Mwamini akapita. Sabaha akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu masika.

Nyuma yao alikuwa Lusiana, mke wa mkulima wa kule parokiani, mama wa watoto wadogo. Unyoya ulipofika kwenye paja lake alikaa tu, macho ameyafumba. Alipoyafumbua akaona namna dresa anavyomtazama, akaanza kulia bila sauti.

"Usilie hivyo, mama," alisema Fidelis. "Zamani tulikuwa tunawaficha tu wagonjwa kule kambini, sikudanganyi. Sasa kuna vidonge. Vinachukua miaka, lakini anayewahiwa anarudi nyumbani na vidole vyake."

"Na nikikaa kwangu? Nikinyamaza?"

"Utaanza kuungua jikoni bila kujua. Utachomwa na mwiba ukitembea nao mpaka uoze. Ukija kwangu wakati huo, nitakupa vidonge, lakini vidole sitakuwa navyo vya kukupa."

Sabaha alikuwa anafunga kanga yake. Mkono ukasimama. Baka la Lusiana lilikuwa la rangi ya udongo wa kichuguu.

Akatazama kivulini. Mwamini alikuwa amekaa na wenzake, ameteremsha kanga begani ili nembo ipigwe na upepo, na ionekane. Zaina, mama mkwe mtarajiwa, alikuwa akiipapasa kwa kiganja. "Mkono wa bibi yako haujazeeka bado," alisema. Mwamini akainama kwa haya, kama inavyompasa mkwe.

Akinyamaza, mjukuu wake ataingia kwa Swalehe kwa vigelegele, na vidole vyote. Atatoka na vingapi? Akisema, hakuna kuingia. Sabaha alisimama pale hadi watu wakaanza kumsukuma wapite.

"Mwanangu," alimwambia dresa.

"Bibi, wewe nimekwisha kukupima. U mzima kuliko mimi."

"Si mimi. Yule mwenye nembo mbichi."

"Pale panauma, bibi. Mwakani tutarudi."

"Hapaumi." Fidelis akainua uso. "Alicheka," alisema Sabaha. "Nilipokuwa namchanja, mwanangu, alicheka."

Dresa hakumkemea. Laiti angemkemea. Alinyoosha mkono tu, akamwita Mwamini arudi, na msichana akaja anatabasamu, akidhani wamesahau kumtazama ulimi.

"Fumba macho."

Akafumba. Unyoya ukapita kando ya michanjo, kwenye kijisehemu cha baka ambacho nembo haikukifikia. Ukapita tena. Mwamini alisimama, kidole tayari hewani, akingoja kuguswa.  Alingoja, akatabasamu kidogo, akasema, "Mbona hamuanzi?"

Ndipo akafumbua macho. Kwanza alimwona Zaina, ameinama, anasugua kiganja chake kwa mchanga. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Ulinichanja ukijua?"

"Nilijua wembe ukiwa ndani."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Na Swalehe?"

Hilo Sabaha hakuwa na jibu lake, wala hapakuwa na mji wa kutoa.

Jua lilipogeuka lori likawashwa. Sabaha aliomba naye apande pamoja na Mwamini. Dresa akasema kambi haipokei wazima, aje siku ya kutazama wagonjwa, na aache kuchanja. Wanawake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, wakiacha ardhi tupu baina yao na yeye, na Ashura, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alikuwa anatazama nembo ya mkono wake mwenyewe.

Ndani ya lori Lusiana alikuwa amekaa chini pembeni, miguu ameinyoosha. Alimtazama msichana, kisha akafungua kanga yake ya pili, akaitandika kwenye mbao kando yake, akainyoosha kwa kiganja, akabakiza nafasi ya mtu mmoja.

Mwamini hakuketi. Alishika chuma cha nyuma ya dereva kwa mikono yote miwili, akaangalia mbele. Lori likaruka mashimo ya kwa jumbe, likapinda, likaingia kati ya mihogo. Sabaha alisogea hadi barabarani apate kuona. Vichwa vya wote waliokaa vilikuwa vimezama nyuma ya majani. Kimoja bado kilikuwa kimesimama.