Maji ya Njano ya Mshubiri

Ulituona. Usiniambie hukutuona. Tulisimama nje ya duka la dawa za mimea, watu watatu na bango moja la boksi, nawe ukavuka barabara ukijifanya unapokea simu. Simu yenyewe kioo kilikuwa cheusi tii! Mimi sisahau sura, wala sisahau viatu. Basi nakusimulia hapa, uone utavukia wapi.

Nilikuwa mkataji wa mshubiri kwa miaka sita, katika kiwanda cha kinywaji cha mshubiri. Chumba kimoja kirefu, sakafu inayonata, meza za bati, visu vifupi. Kazi hiyo nilifundishwa na shangazi aliyenilea, kabla hata hicho kiwanda hakijafunguliwa. Katikati ya jani kuna ute mweupe unaopoza ngozi iliyoungua. Lakini chini tu ya ganda kuna maji ya njano, machungu ajabu, yanayoendesha tumbo mpaka mtu ashike ukuta. Kwa hiyo jani ukishalikata unalisimamisha kwenye karai, kitako chini, mpaka njano yote ishuke. Ndipo unaosha, unamenya, unachukua ute peke yake. Nikiharakisha, shangazi alinichapa kofi la mgongo: "Unakimbilia wapi, umeacha mchumba jikoni?"

Mwenye kiwanda tulimwita Daktari, ingawa ujuzi wake wote ulikuwa kuuza magodoro. Siku moja aliingia akayakuta makarai yamejaa majani yaliyosimama.

"Haya yanafanya nini?"

"Yanachuja, bosi."

"Yanalala, hayachuji! Kuanzia leo saga jani zima na ganda lake. Hiyo njano ndiyo nguvu yenyewe. Mteja akikimbilia chooni anajua dawa imeingia."

Tukacheka. Naam, na mimi nilicheka. Kesho yake tukasaga.

Wakati huo shangazi alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba. Kila asubuhi alimeza kidonge cha moyo na kingine cha kutoa maji mwilini. Vidole vilishakakamaa, kisu hakishikiki tena. Hivyo kila Ijumaa nilimpelekea chupa kutoka kazini, anywe kikombe asubuhi, kwa sababu tumbo lake lilikuwa gumu.

Chupa ya kwanza baada ya amri ile, alionja akakunja uso. "Mwanangu, hii mmechuja?"

"Tumechuja, shangazi. Majani ya safari hii ni machungu tu."

"Hebu nitazame usoni."

"Shangazi nawe! Mimi nikulishe sumu?"

"Wewe? Ungekosea kikombe ukanywa mwenyewe." Akacheka, akanywa. Alikunywa kwa sababu niliyesema ni mimi.

Ningesema kweli, angekuja kiwandani na mkongojo wake kumfokea Daktari mbele ya watu, na mimi ningefukuzwa. Nilipima kazi yangu na tumbo lake. Kazi ikashinda.

Wiki ya tatu alikuwa hawezi kusimama. Misuli ya miguu inamkaza, moyo unadunda, unaruka, unadunda. Hospitalini muuguzi aliuliza, kalamu mkononi: "Zaidi ya vidonge hivi, anatumia dawa nyingine?"

"Hakuna."

Na hapo sikudanganya. Kiwandani tulishakariri kwamba mshubiri si dawa, ni mmea tu, hauna madhara. Wakaitazama miguu iliyovimba, wakamchoma sindano ya kutoa maji, kali kuliko kidonge chake. Saa moja baadaye muuguzi alipotoa shuka kwenye mfuko wetu, chupa ikabiringika kitandani.

"Na hii?"

"Hiyo ya mimea."

"Inamharisha?"

"Kila siku."

Muuguzi alitoka mbio. Baadaye alinieleza polepole, kama anayeongea na mtoto: kuhara kunaondoa madini ya damu, dawa ya kutoa maji inaondoa mengine, na moyo ukiyakosa hayo madini unapoteza mwendo. Wangejua mapema, sindano ile wasingeichoma.

Wakati wanamtundikia dripu, shangazi alifumbua macho. "Hamkuchuja."

"Hatukuchuja."

"Ulimi wangu bado mzima, unaona." Akavuta pumzi. "Na wengine wanaokunywa, umewaambia?"

Nikamvutia shuka mpaka kifuani. Alikufa kabla dripu haijafika nusu.

Daktari alituma rambirambi na katoni mbili za maji. Ya kunywa, alisema. Kiwanda kinasaga mpaka leo, ganda na yote, na afisa wa ukaguzi wa vyakula na dawa ameniambia mara nne kwamba analifuatilia suala hilo.

Sikuambii ung'oe mshubiri. Mimi mwenyewe nikiungua naupaka. Nakuambia uache kusoma. Nenda chumbani kwa mama yako, kwa baba yako, kwa huyo mzee anayemeza vidonge vya moyo, na umuulize anakunywa nini juu ya hivyo vidonge. Usikubali jibu la "mimea tu." Ichukue hiyo chupa, uchukue na vidonge vyake, mpeleke kwa muuguzi na vyote viwili viwekwe mezani. Kisha chupa uilete ofisi ya ukaguzi, siku hizi sisi watatu tuko mlangoni pake kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Inuka. Simu yako ikae mfukoni, hakuna anayekupigia.