Haragwe Jeupe la Wanjala

Jumamosi ya pili ya Februari, Jedidah alikuwa akipanga viti katika ukumbi wa kanisa huko Columbia Heights, pembezoni mwa Minneapolis, Nikostrato wa Athene alipoingia, akakung'uta theluji kwenye makubazi yake na kuutundika mgolole wake katikati ya makoti. Alisema amekufa yapata miaka elfu mbili na mia nne, na kwamba amesikia chama cha Wakenya kimeshindwa kupata mwenyekiti. Wanachama wakampa kiti karibu na hita.

Ni kweli kilikuwa kimeshindwa. Jedidah, muuguzi katika hospitali moja ya Minneapolis, alikuwa katibu kwa miaka kumi na mmoja, na katiba aliiandika yeye siku zake za mapumziko. Hata hivyo kila uchaguzi Waluhya walimpigia Mluhya, Wakisii Mkisii, Wakikuyu Mkikuyu, kisha wakanuniana hadi kiangazi.

"Hata sisi tulianza hivyo," alisema Nikostrato. "Kwanza walitawala wenye ukoo, halafu wenye mali. Tulipochoka, tukaunda makabila mapya, kila moja na watu wa pwani, wa mjini na wa bara. Kisha vyeo vingi tukaviachia bahati."

Hivyo wakagawanywa upya, kila mtu kwa basi analopanda kwenda kazini. Ilifaa. Watu wa basi namba kumi waligundua kwamba wote wanamchukia dereva yule yule.

Ukaletwa mtungi wa maharagwe. Atakayetoa haragwe jeupe ndiye mwenyekiti. Wanaume walitoa maharagwe meusi, mmoja baada ya mwingine. Mikono ya wanawake ilitoka mitupu. Velma, rafiki yake Jedidah, aliutumbukiza wake hadi kiwikoni, akautoa na vumbi la udongo tu. Jeupe lilimwangukia Wanjala, mume wa Jedidah, ambaye alikuwa amehudhuria mikutano miwili maishani mwake, na katika mmoja alisinzia.

"Mzee, na sisi wanawake?" Jedidah aliuliza.

Nikostrato alijikunyata, akamwomba Wanjala afunge mlango, kuna upepo. Jedidah alipompa chai, aliipokea na kuishukuru meza.

Jedidah aliwahi kuona wivu. Alimwonea wifi yake wivu wa nyumba, na Velma wivu wa sauti yake ya kuimba. Lakini wivu huu mpya ulikuwa na sura ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Wanjala hakuwa mbaya, wala hakuwa ameomba kitu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Umekalia kiti changu, Baba Griffins," alimwambia nyumbani.

"Mimi nilikuwa nimetoka shift, nikaingiza mkono tu. Ni bahati."

"Bahati haikuandika katiba."

Wanjala akasema, "Nitamuuliza mzee."

Machi, akipiga pasi shati la mumewe, Jedidah alilitoa haragwe mfukoni. Mkutanoni alikalia kiti cha mwenyekiti, akaliinua mbele ya macho ya wote na kusema, "Ajenda ya kwanza." Nikostrato aliliona haragwe likielea hewani. Alilichuma kama mtu achumaye tunda, akampa Wanjala.

"Umeangusha hili."

Wanjala alilitazama. Akalitia mfukoni, kisha, kwa kuwa alikuwa ameahidi, akauliza, "Mzee, mke wangu anataka kujua zamu ya wanawake ni lini."

"Haya mambo huenda polepole," alisema Nikostrato. "Kwanza waliingia madarakani wenye farasi, kisha wenye ngao, kisha wapiga makasia."

"Kisha nani?"

"Kisha tukafa."

Jedidah aliyaandika kwenye kumbukumbu, maana hiyo ilikuwa kazi yake.

Chama kikastawi. Ugomvi wa kikabila ukaisha, na Wanjala akawa mwenyekiti mzuri. Watu walimsimamisha dukani kumpongeza, Jedidah akiwa kando ameshika toroli, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Velma aliacha kuja mikutanoni. Jedidah aliendelea.

Aprili, njiani kwenda mkutanoni, walimpitia Nikostrato kwenye kituo cha basi. Wanjala aliposimamisha gari, Nikostrato alifungua mlango wa mbele na kuketi. Jedidah alikuwa ameshahamia nyuma.

Wanjala alimtafuta kwenye kioo. "Uko sawa, Mama Griffins?"

"Endesha," alisema Jedidah, akifunga mkanda. "Mwenyekiti hachelewi."