Kutetemeka kwa Ajuza

Gari lenyewe lilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na marehemu alikuwa akiliita Ajuza. Lilikuwa gari kubwa lililoinuka juu, la kupita kwenye matope na makorongo, rangi yake ya kijani imepauka kwenye boneti kama sare iliyofuliwa miaka mingi. Mkewe, ambaye kazi yake ni kushona sare za shule, hakulipenda jina hilo.

"Utamwita mwenzio ajuza, na wewe je?" alikuwa akimwambia.

"Mimi naye tumezeeka pamoja," mume alikuwa akijibu. "Ila yeye halalamiki magoti."

Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu mume azikwe, na Ajuza alikuwa analalamika. Akiwa mwendoni hana neno. Lakini akisimama, injini ikaachwa iungurume yenyewe bila kukanyagwa mafuta, alitetemeka kama mtu mwenye homa. Vioo vilitikisika, usukani ulicheza mikononi, na mara nyingine alizimika hapohapo. Taa ya injini, ile ya manjano, ilikuwa imewaka wiki nyingi, inamtazama mshonaji kila akishika usukani.

Juzi Ajuza alizimika kwenye makutano ya barabara, lori likiwa nyuma linapiga honi. Habari zikamfikia shemeji yake, mdogo wa marehemu, kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na gari," alisema alipokuja. Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mtu wa kuongea huku ananyoosha kidole kama bado anaonyesha mpaka wa kiwanja. "Lakini nimeshazika kaka. Sitaki kuzika na shemeji kwa ajili ya chuma. Nimepata mtu wa kulinunua. Atakuja kesho saa tisa."

"Nipe hiyo kesho mpaka saa tisa. Nimwite fundi."

"Likitulia?"

"Likitulia, usinitajie tena habari ya kuuza."

"Na lisipotulia?"

"Lisipotulia, mpe funguo."

Shemeji alidhani anataka gari kwa sababu ya kupeleka sare mashuleni, na ni kweli lilikuwa na kazi hiyo. Lakini lilikuwapo na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kila mahali alipokuwa akikaa mumewe palikuwa pameshakaliwa. Kiti chake cha mezani walikikalia wageni wa msiba. Upande wake wa kitanda alilala dada wa marehemu wiki tatu, ili mfiwa asilale peke yake. Ndani ya Ajuza tu ndimo hakuna aliyejisogeza. Humo ndimo mumewe alimomfundishia kuendesha, yeye akiwa na miaka arobaini na sita, akimwambia, "Taratibu, mama. Hakuna anayetufukuza." Akikaa nyuma ya usukani mpaka leo aliisikia sauti hiyo.

Fundi alikuja asubuhi yake. Watu walimwita Sikio, kwa sababu alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake huigusisha kwenye injini na mpini huuweka sikioni, akasikiliza kama daktari. Mwili wake ulikuwa wa bondia na sauti yake ya mtu anayebembeleza mtoto. Gari lilikuwa uani, mbele ya mlango wa chumba cha kushonea. Shemeji naye alishafika, amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai.

Sikio alichomeka mashine yake ndogo chini ya dashibodi na kusubiri. Namba tatu zikatokea.

"Mbili zinasema injini inamisi, haichomi sawasawa," alisema. "Hii ya tatu inasema hewa ni nyingi kuliko petroli."

"Basi dawa imejulikana," alisema shemeji.

"Bado, mzee. Mashine hii ni kama mtoto mdogo. Inakwambia tumbo linauma, haikwambii kala nini." Akamgeukia mshonaji. "Mama, lilianza lini?"

"Mwezi wa pili baada ya msiba."

"Kuna aliyegusa injini kabla ya hapo? Fundi mwingine, jirani, yeyote?"

Mshonaji aliona shemeji ameshusha kikombe anamsikiliza. Akahisi uso wake unapata moto.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

"Kama hakuna aliyegusa, basi ni uzee," alisema Sikio, akaanza kazi.

Alikagua mipira yote ya hewa iliyoonekana, ilikuwa mizima. Akang'oa koili mbili za kuwashia plagi, akazibadilisha nafasi, aone kama ugonjwa utahama nazo. Haukuhama. Akaweka plagi mpya. Ajuza akawaka, akatulia muda wa mtu kusema alhamdulillahi, kisha akarudia homa yake. Kikombe cha shemeji, alichokuwa amekiweka juu ya bampa, kikaanza kucheza na kujisogeza chenyewe kuelekea ukingoni. Shemeji akakidaka.

"Hata chai yangu inakimbia," alisema. "Fundi, sema kweli tu. Mgonjwa huyu ni wa kutibiwa au wa kuombewa?"

Sikio alipangusa mikono. Ilikuwa saa nane kasoro. "Kilichobaki ni vali," alisema. "Hapo injini ifunguliwe juu. Si kazi ya leo, wala ya wiki hii."

"Basi," alisema shemeji, kwa upole. "Shemeji, umejitahidi. Hata kaka angesema umejitahidi."

Mshonaji alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Kusema ukweli mbele ya mtu huyu kulikuwa aibu, kwa sababu shemeji alimtania miaka yote kwa usafi wake. Alisema mwanamke huyu akifa atafufuka kwanza apanguse jeneza. Lakini funguo zilikuwa zinaning'inia pale kwenye usukani, na saa moja baadaye zingekuwa mfukoni mwa mtu asiyemjua.

"Mimi niliigusa," alisema.

"Nini, mama?"

"Injini. Niliiosha."

Sikio alimtazama. "Kwa kitambaa?"

"Kwa maji. Na sabuni. Na mswaki."

Kisha shemeji akaanza kucheka. Alijizuia, ikashindikana, chai ikamwagikia suruali. "Mswaki!" alisema. "Ajuza kapigwa mswaki!"

"Cheka tu," alisema mshonaji, naye midomo ikimchezacheza. "Marehemu alinikataza. Alisema sabuni na maji ni vya nguo, chini ya boneti nisipeleke. Lakini siku ile wageni walikuwa wameondoka wote, nyumba nimeshaipiga deki mara mbili, sijui nifanye nini na mikono yangu. Nikafungua boneti. Palikuwa pachafu."

Shemeji akaacha kucheka.

"Ulitoa kitu?" aliuliza Sikio, ameshaikamata tena bisibisi yake.

"Uchafu tu."

"Uchafu wa namna gani?"

"Kitambaa cha mpira, kimezungushwa kwenye bomba kama bendeji, kimefungwa kwa uzi. Kimejaa mafuta. Nilikikata kwa mkasi."

"Wapi?"

Mshonaji alivua tepu shingoni, akainama, akapitisha mkono nyuma ya injini, chini ya lile bomba kubwa la kuingizia hewa, mahali ambapo mkono wa Sikio usingepita hata kwa kubembelezwa. Akagusa mpira mwembamba. "Hapa."

Sikio alitafuta kopo lake la dawa ya kupulizia, ya kutafutia ufa, lakini lilikuwa tupu. "Nipatie chochote kinachopuliza. Hata maji."

Mshonaji akaleta ile chupa anayonyunyizia nguo akipiga pasi. Shemeji akawasha gari, likaanza kutetemeka. Sikio akapuliza maji kwa mbali, kuelekea kilipokuwa kidole cha mshonaji. Injini ikatulia. Maji yalipokwisha kunyonywa, homa ikarudi. Akapuliza tena, ikatulia tena.

"Zima!" alisema Sikio, akicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mpira una ufa upande wa chini. Injini inavuta hewa ya wizi. Marehemu alishaujua ufa huo zamani, akaufunga kimyakimya. Sasa mama umemvua mgonjwa bendeji ukidhani ni kilemba kichafu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Wanaume na magari yao," alisema shemeji. "Angekwambia, ungemtuma akanunue mpya siku hiyohiyo."

Mshonaji hakubisha. Hivyo ndivyo ambavyo angefanya.

Sikio alisema mpira mpya wa namna hiyo ungepatikana kwa kuagizwa, lakini kwa leo bendeji ingetosha kama ilivyotosha miaka. Akakata ukanda kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli aliyokuwa nayo sandukuni. Akajaribu kuingiza mkono, ukakwama kwenye kifundo.

"Lete," alisema mshonaji.

Aliingia chumbani, akatoka na kibunda cha uzi mweusi, ule mnene uliopakwa nta, anaoshonea mikanda ya mabegi ya shule. Aliuvuta ukanda wa mpira mpaka ukakaza, akauzungusha juu ya ufa bila kuona, vidole peke yake ndivyo vinavyotazama. Kisha akazungusha uzi. Alipofika mzunguko wa tatu mikono ikasimama.

"Nini?" aliuliza shemeji.

"Uzi nilioukata siku ile ulikuwa huu huu," alisema polepole. "Mafuta yaliuficha, lakini mkasi uliteleza kwa nta. Miaka miwili nilikuwa nalalamika uzi wangu unapungua, kumbe alikuwa akiifunga upya bendeji yake. Nikawasingizia panya. Nikawatilia sumu."

"Na kaka alisemaje?"

"Alinisaidia kutafuta matundu yao."

Safari hii alicheka yeye kwanza, bado ameinama, shavu karibu na chuma, na machozi yalipomtoka hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Alifunga fundo, akalifunga na la pili, akakata uzi kwa meno.

Sikio alifuta namba kwenye mashine yake. Mshonaji akakaa mwenyewe nyuma ya usukani na kuwasha. Ajuza aliunguruma sauti moja, nzito, isiyokatika. Vioo havikutikisika. Sikio aliweka bisibisi sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Taa ya manjano ilikuwa imezimika.

Mnunuzi alifika saa tisa na dakika chache, kijana mnene mwenye miwani ya jua. Alizunguka gari mara moja, akasikiliza.

"Mzee, hili nalichukua leo leo," alimwambia shemeji.

"Haliuzwi."

"Si ulisema limechoka?"

"Lilikuwa limechoka. Limepumzika."

"Niongeze kitu, basi."

Shemeji alimshika bega na kumgeuza kuelekea getini, akimnyooshea kidole njia ya kutokea. "Bwana mdogo, mwenye gari ni yule pale ndani. Umwone alivyokaa, kisha uniambie kama kuna mtu wa kumtoa."

Mnunuzi alitazama, akaaga.

Sikio alifunga sanduku lake. Akasogea dirishani. "Mama, kazi imekwisha. Unaweza kuzima. Petroli inaungua bure."

"Najua, fundi."

Alikuwa ameegemea kiti, mikono yenye mafuta mapajani, anasikiliza.

"Mwache," alisema shemeji kutoka kwenye benchi, akimsogezea fundi nafasi. "Njoo unywe chai. Mwache kidogo."