Udongo wa Mosi-oa-Tunya

Mzee Machibya alipanda basi la Lusaka pale Mikumi akiwa na begi moja, pasi mpya ya kusafiria na jambo moja moyoni: kumtia hatiani Kasian. Aliwaaga watu kwamba anakwenda Zambia kuchota udongo wa mahali alipofia mwanawe Shimba, ili ufukiwe Tindiga badala ya mwili ambao haukuonekana, matanga yafungwe, mama mtu apumzike. Udongo ulihitajika kweli. Lakini wanaukoo walikuwa wamekubaliana kwamba akirudi atatamka mbele yao kama Kasian ana mkono katika kifo kile. Akisema anao, Kasian na mama yake watengwe. Na kutengwa kule si mchezo, jamani. Hupewi moto, hutekewi maji, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe.

Kasian alikuwa dereva wa lori, Shimba utingo wake. Mwezi wa kumi walikwama Livingstone wakisubiri mzigo, wakaona bora wakatembee kwenye maporomoko, wayaone na wao hayo yanayofuatwa na Wazungu kwa ndege. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Sasa wewe uwe baba, uambiwe "aliteleza" basi, uridhike? Machibya hakuridhika. Miezi sita Kasian alimwamkia, na miezi sita Machibya alitema mate pembeni akapita. Akampiga marufuku mkewe, Marciana, kusemezana na mama Kasian, na hao walikuwa majirani wanaoombana chumvi tangu watoto wao wananyonya.

Siku ya tatu, baada ya kubadili basi Lusaka, alishuka Livingstone miguu imevimba. Mkononi alikuwa na karatasi ya polisi yenye jina la shahidi: Mubita, mtembeza wageni. Hakuhangaika kumpata. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na Kiswahili chake kilimtoka vizuri kwa sababu aliwahi kupakua mizigo mpakani Tunduma miaka minane.

"Shikamoo mzee. Pole na safari. Wewe ni baba yake. Nimekujua kwa paji la uso."

"Marahaba," alijibu Machibya.

Yule bwana alimfaa, tusimnyime haki yake. Alimpeleka kwake akamlisha ugali kwa dagaa, akamtania kwamba Watanzania wanasonga ugali mgumu kama tofali, akamlaza kitandani, yeye mwenyewe akalala chini. Asubuhi akamvalisha koti la mvua, wakaenda.

Ilikuwa mwezi wa nne, mto umejaa. Wenyeji wanayaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na Machibya aliuona huo moshi wakiwa bado barabarani. Walipofika ukingoni alilowa mpaka chupi. Maji yalikuwa yanaporomoka ng'ambo ya korongo, mapana kuliko macho yanavyoweza kubeba, na ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyake. Mubita alijaribu kumwonyesha upinde wa mvua. Watalii walikuwa wanacheka na kupiga picha. Binti mmoja akampa simu kwa ishara, awapige picha yeye na mchumba wake. Machibya akabonyeza. Wakamshukuru kwa furaha, naye akawachukia wote wawili, ingawa alijua hawana kosa lolote.

"Nipeleke alipomsukumia," alisema.

Mubita alimwongoza juu, kwenye kingo za mto kabla haujaanguka, penye miti. Pale maji yalikuwa yanapita mengi, kimya, yana haraka.

"Mwezi wa kumi hapa maji yanafika magotini," alisema Mubita. "Mawe yanaonekana. Nilikuwa hapa na wageni wangu. Mwanao hakusukumwa, mzee. Alikunja suruali akaingia mwenyewe."

"Mwongo! Umehongwa!"

"Nilimpigia kelele, tena kwa Kiswahili: rudi, huko mwamba una utelezi na maji yanavuta! Akacheka."

"Akasema nini?"

"Mzee, chota udongo twende."

"Nimekuuliza akasema nini!"

Mubita alitazama chini. "Alisema yeye mtoto wa mfugaji, mito kavuka na ng'ombe tangu hajajua suruali. Alisema baba yake kamfundisha: maji mekundu yenye magogo ndiyo yanayoua, lakini maji unayoona kokoto zake hayana neno, hayo ni ya kunawia uso. Akachota, akanawa. Halafu akaendelea kwenda."

Machibya alishika mti. Maneno yalikuwa yake, yote, hata lile la kunawia uso. Aliyasema ukingoni mwa Mkondoa, mto wa kwao, Shimba akiwa na miaka saba, amemng'ang'ania shati. Na kwa Mkondoa ni kweli tupu! Mto ule ukitaka roho za watu unakuja mwekundu, umebeba miti na mabati ya watu, kila mwenye macho anauona. Ukiwa mwangavu, ng'ombe wanakunywa na watoto wanaoga. Miaka arobaini kanuni ile haikumwangusha mtu. Ni nani angemwambia kuna mto unaoua ukiwa mwangavu?

"Rafiki yake alimfuata," Mubita aliendelea taratibu. "Akamdaka shati, likachanika. Huyo dereva tulimtoa kwa kamba, magoti yamechunika, analia anataka kurudi majini. Polisi walipokuja, aliniomba nisiyataje yale maneno. Alisema mzee wake Shimba hatayaweza."

Kumbe Kasian alijua. Alitemewa mate miezi sita, mama yake akanyimwa salamu kisimani, na neno moja tu lingemwokoa, akalimeza. Ungemwambiaje mzee wako kwamba mafunzo yake ndiyo yaliyomuua mwanawe?

Machibya alipiga magoti akachota tope, akalitia kwenye mfuko. Aibu ilimuuma kuliko msiba.

Ndani ya basi shetani alimkalia karibu siku tatu nzima. Sema tu aliteleza, akamwambia. Kasian anapona, na wewe unapona. Machibya akayakariri maneno hayo mpaka Mikumi, na juu ya bodaboda mpaka Tindiga.

Wanaukoo walikuwa wamekaa. Donati, mdogo wake, alimnong'oneza, "Sema moja tu kaka, tumalize." Kasian alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, wanangoja hukumu. Machibya alifungua kinywa aseme aliteleza. Akamwona Marciana anavyomtazama, akasema yote, kuanzia kokoto mpaka shati.

Donati alitazama miguu yake. Adhabu ya baba wa namna ile hawakuwa nayo.

"Kasian alijua?" aliuliza Marciana.

"Alijua."

"Na mimi ukanikataza kumpa mkono mama yake."

Marciana aliuchukua mfuko wa udongo mikononi mwake, akampita, akaenda kumwangukia mama Kasian kifuani. Jioni ile ile udongo ulifukiwa, Kasian ndiye aliyechimba. Machibya hakuitwa. Na hadi leo Marciana humpakulia, huweka sahani chini mbele yake, halafu huenda kula kwa mama Kasian.