B ya Bika

Mvua ilinyesha Tarbaj juma zima, na nyuma ya madarasa ukaota uyoga. Mimi mzaliwa wa Busia, niliyeukosa miaka mitatu, nilikaribia kulia. Mpishi wetu Bishar, ambaye sote tulimwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, aliutazama kama kinyesi. Kwao huitwa barkin waraabe, mto wa kulalia fisi.

"Ukikula, mwalimu, fisi italala wabi?"

Shida ni kwamba ulikuwa wa aina mbili, ndugu wa tumbo moja: kofia nyeupe zenye magamba, pete shingoni, kila kitu sawa. Mmoja ni kitoweo. Mwingine niliwahi kuula nikiwa chuoni. Kwa siku tatu choo kilinijua kuliko mama yangu. Hutofautishwa kwa vumbi lake: unalaza kofia juu ya karatasi, unafunika kwa bakuli, unasubiri hadi kesho. Vumbi jeupe, kula. La kijani, kimbia.

Asubuhi karatasi zikasema. Bakuli la mzuri nikaliandika P, yaani pika. La mbaya, B, yaani balaa.

"Nimeandika kila kitu, adeer: bakuli moja pika, lingine balaa," nikamwambia, nikaenda kufundisha.

Saa saba akaniletea sahani. Vipande laini, vitunguu, bizari. Nilikula nimefumba macho.

"Wallahi, kama nyama! Ulichukua bakuli gani?"

"Ya B."

"B?"

"B ya bika."

Kijiko kikaanguka. "Na P?"

"P ya palaa. Si ndiyo?"

Nikajilaza mkekani.

"Adeer, nikifa, chukua redio yangu."

"Iko na betri?"

"Iko."

"Na ile jaketi?"

"Bishar! Ninakufa!"

"Hufi. Hiyo B nilibika nje, kwa mkebe. Sufuria yangu haibebi mto ya fisi. Mbuzi ikanusa, ikakimbia. Nikasema, kama mbuzi imekataa, hata mwalimu asikule. Wewe umekula maini."

"Na ukaniacha nikurithishe redio?"

"Ulikuwa unaongea fizuri, sikutaka kukata."

Nikainuka, nikafuta herufi zote mbili. Kwenye bakuli la mbaya nikachora fisi, meno nje, hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Adeer Bishar akalitazama, akatazama na lile lingine, akakunja uso.

"Na hii," akaniuliza, "fisi yake iko wabi?"