Shimo la Pijo

Mimi kukaa bure siwezi. Nikiketi goti linarukaruka, nikisimama natafuta nati ya kufungua. Kwa hivyo walipobomoa vibanda vya kando ya barabara ili ipanuliwe, na kibanda changu cha kutengeneza pikipiki kikaenda na vingine, watu waliniambia, "Nabalayo, si upumzike kidogo." Nipumzike kwani nimechoka? Siku hiyo hiyo nilisomba vyuma vyangu hadi nyumbani kwetu Lanet, nikavimwaga uani, na jasho halijakauka nikawa nimeanza kupanga gereji.

Ua wetu si mkubwa. Kuna nyumba, tangi la maji, kamba ya nguo, na gari la Baba, Pijo la zamani la rangi ya maziwa, lililokaa juu ya mawe tangu macho yake yalipoanza kumsumbua. Kibii, dereva wa lori anayebeba ule unga mweupe wa machimbo ya Kariandusi, alinitupia gunia moja, nikawa nachora nao chini. Hapa pikipiki mbili, zisimame sambamba bila kugusana vipini. Hapa meza ya kazi, na dirisha upande wa kulia, maana mimi natumia mkono wa kushoto na sitaki kivuli changu kinizibie kazi. Hapa gari. Nachora, natembea ndani kana kwamba kuta zipo, nageuka na spana mkononi, naona nimejibana, nafuta kwa mguu, nachora tena. Jirani yetu Mama Cheruto alichungulia juu ya uzio akaniuliza kama ni uwanja wa netiboli.

Kilichonikimbiza hivyo ni Baba. Mzee Sitati alikuwa fundi wa reli, na ndiye aliyenishikisha spana kabla sijajua kushika kalamu. Wakati huo alikuwa hospitalini. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walishamfanyia upasuaji, alikuwa akingoja tu kuruhusiwa. Nilitaka siku atakayoingia getini akute Pijo lake limesimama juu ya shimo la kukagulia, matumbo nje, linamngoja. Nilijua mzee huyu akipata gari la kutengeneza atapona, na akipewa kiti na redio atakwisha. Hilo sikuhitaji daktari kuniambia.

Na sikumwambia mtu. Nilitaka iwe sapraizi. Akinipigia kuuliza mbona sionekani, namjibu, "Baba, niko na kazi kidogo nyumbani." Tena hospitali mimi siiwezi. Kukaa kwenye kile kiti cha plastiki nikitazama dripu inadondoka tone baada ya tone, aah, wacha tu.

Basi nikachimba. Shimo la kukagulia gari ni refu na jembamba, linakufika kifuani. Unaingia chini ya gari umesimama, si kulala chali mafuta yakikudondokea machoni. Na udongo wa kwetu ni mwepesi ajabu, majivu ya volkano matupu, jembe linaingia bila kuombwa. Nilifurahi kama mtoto. Naruka ndani, najiinua kwa mikono natoka, natazama, naruka tena.

Kipngeno, kijana wa boda ambaye pikipiki yake ilikuwa ikingoja klachi, alikuja akasimama mbali kidogo.

"Nabalayo, hii kitu inakaa kaburi."

"Ni kaburi ya klachi yako. Ukiendelea kubeba abiria kama magunia tutaizika hapa na kwaya."

Alicheka, lakini ukingoni hakusogea.

Halafu akaja Senge Nerima, dada yake Baba, kutoka Webuye, amekuja kumwona mgonjwa. Alifungua geti na kuku kwapani na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Akaona lundo la udongo. Akaona shimo. Akaona mimi nimo ndani hadi kifuani na jembe mkononi. Kuku akamponyoka.

"Wooi! Wooi, kaka yangu! Mmenificha! Amekufa mkanificha!"

"Senge, Baba yuko mzima! Hili ni la gari!"

"Gari gani linazikwa?"

"Halizikwi, Senge, linakaa juu! Mimi ndiye nakaa chini!"

Hapo nikawa nimeharibu kabisa. Alikaa chini kwenye udongo, akavua kitambaa, akalia kwa sauti ambayo walioko kambi ya jeshi ya Lanet nadhani waliisikia. Mama Cheruto akaja mbio na chupa ya chai na leso mabegani, uso tayari wa matanga. Nilipotazama simu, kwenye grupu ya mtaa mtu alikuwa ameshaandika "poleni sana familia ya Mzee Sitati", na wengine wakifuata na mikono ya maombi. Nilitaka kucheka, nilitaka kutukana, nikaishia kumkimbiza kuku.

Kwetu Wabukusu, shimo la urefu wa mtu halichimbwi nyumbani mgonjwa akiwa bado anapumua. Ni kumwita. Na likishachimbwa kimakosa halifukiwi hivi hivi, lazima lipewe kitu: unazikwa mgomba, shina zima la ndizi, mahali pa mtu, ndipo udongo urudi. Haya nilikuwa nayasikia tangu utotoni, lakini nimezaliwa hapa Nakuru, nimekulia gereji, na nilipokuwa nikichimba kichwani mwangu kulikuwa na ekseli na sampu ya mafuta tu.

"Tafuta mgomba," Senge akasema alipopata pumzi.

"Senge, kwa heshima zote, shimo hili silifukii."

Alinitazama kutoka chini hadi juu, akafunga kitambaa chake, akaenda hospitali. Alirudi jioni ametulia, na utulivu wa Senge ni mbaya kuliko kilio chake.

"Kaka yangu amekataa. Amesema hakanyagi hapa mpaka hilo shimo lifukiwe. Wakimruhusu Ijumaa, naondoka naye Webuye."

Ilinichoma, siwezi kuficha. Baba yangu, mtu wa reli, mtu aliyetambaa chini ya mabehewa, leo anaogopa shimo? Na anamtuma Senge kuniambia? Nilijua Webuye itakuwaje. Watampenda, watamheshimu, watamweka kwenye kiti kizuri kivulini, na hakuna atakayempa hata bisibisi ashike. Mwaka hautaisha kabla hatujaitwa kwenda kumzika. Kama kuna kitu kilikuwa kinamwita kaburini ni kile kiti, si shimo langu.

Sikumpigia simu. Hasira zangu ni hivyo, zinaenda mikononi, haziendi mdomoni. Kesho yake niliamkia shimoni. Senge naye aliamkia kwa Mama Cheruto, akarudi anaburuta shina la mgomba, akaliegemeza ukutani mbele ya shimo na kukaa karibu nalo akichambua mboga. Mimi nachimba, yeye anachambua, mgomba unatutazama. Nilinyoosha kuta, nikasawazisha chini, nikapima tena upana wa magurudumu ya Pijo ingawa nilishaupima. Hakuna kilichobaki kufanywa na bado nilikuwa natafuta cha kufanya. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Mchana mvua ikashuka, zile za kwetu za kumwaga na kukata. Ilipokatika niliona maji yametuama chini ya shimo. Nikachukua ndoo, nikaruka ndani, nikaanza kuyachota.

"Nabalayo!" Kipngeno aliita kutoka getini. "Klachi yangu imeshafika mbinguni? Watu tunataka kazi!"

"Si ungoje! Kwani unakimbizwa?"

"Nangoja tangu juzi, mathe!"

Neno "mathe" ndilo lililonitoa. Niitwe mama, na tuko rika moja? Nilitupa ndoo, nikajiinua nje nikamwendee nimpe zake. Sikufika hata kwenye tangi. Nyuma yangu nilisikia kitu kama mtu mzito ameketi kwenye kochi, basi. Nilipogeuka, ukuta mzima wa shimo, ule unaoelekea nyumba, ulikuwa umelala ndani. Ndoo haikuonekana. Mahali nilipokuwa nimesimama palikuwa pamejaa hadi kiunoni, na udongo ulikuwa bado unamiminika polepole, hauna haraka.

Senge alisimama, mboga zikamwagika. Hakulia. Kipngeno alivua helmeti. Mimi nilianza kucheka kijinga, kisha nikapanda pikipiki ya kuazima aliyokuja nayo Kipngeno, funguo zilikuwamo, nikaenda hospitali vile nilivyokuwa, tope hadi nyusi.

Baba alikuwa ameketi kitandani, uso dirishani, ingawa dirisha lenyewe sidhani alikuwa analiona vizuri.

"Nani huyo ananuka udongo?"

"Ni mimi, Baba."

"Kazi kidogo imeisha?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengine njiani, lakini mdomo ukatoa yake. "Kama unaogopa kaburi, si ungeniambia mwenyewe? Mbona unamtuma Senge?"

"Nani anaogopa kaburi?"

"Umekataa kurudi nyumbani!"

"Nimekataa." Alipapasa hewani mpaka akapata ukingo wa kile kiti cha plastiki, akakivuta. "Keti. Keti, mama, usinisimamie."

Nikaketi. Goti likaanza yake.

"Nerima alipokuja analia nilimuuliza, shimo lina mawe pembeni? Akasema halina hata kokoto. Nikamuuliza, lina ngazi? Akasema ngazi ya nini, mtoto anaruka tu kama chura. Nikamwambia lifukiwe, leo. Hayo mengine ya kuitwa na kutoitwa ameongeza yeye." Alinigeuzia uso. "Masinde unamkumbuka?"

"Yule rafiki yako wa Gilgil aliyekuwa akikohoa?"

"Hakuzaliwa akikohoa. Tulikuwa tunachimba choo kwake. Udongo ni huu huu wa kwetu. Mimi niko juu navuta ndoo, yeye yuko chini anaimba. Kisha haimbi. Haukupiga hata kelele, ule udongo. Tulimtoa yuko hai, lakini kifua chake hakikurudi tena."

Nilitazama tope lililonikaukia mikononi.

"Nerima alidhani ni langu," Baba akasema. "Na wewe ukadhani nalia langu. Mimi nimelala hapa siwezi kusimama, najua hilo shimo ni la nani. Nakupigia, unaniambia una kazi kidogo, na nikikuonya najua husikii. Nikasema basi, nikikataa kurudi, labda atalifukia kwa kunihurumia."

"Ukuta wa shimo umeanguka leo," nikasema. "Nilikuwa nimetoka tu."

Alitafuta goti langu lililokuwa likirukaruka, akaliwekea mkono, mkono ule mzito wa fundi, na ukakaa hapo. Nililia mbele ya wodi nzima, na tope likanishuka na machozi hadi kwenye shati, na sikuona haya.

Nilipotulia alisema, "Lilikuwa la nini lakini, hilo shimo?"

"La Pijo. Nilitaka ulikute juu yake siku ya kurudi."

Alicheka, akashika nyonga kwa maumivu, akacheka tena. "Pijo langu! Na upande gani umeweka meza?"

Ijumaa alikuja Lanet, si Webuye. Lakini kwanza alitoa amri. "Mpe senge yako mgomba wake. Hakukosea kuogopa, alikosea tu mtu wa kumwogopea." Kwa hivyo tulilaza mgomba mle ndani, Senge akaomba kwa Kibukusu maombi marefu yenye jina langu mara nyingi, tukarudisha udongo, Kipngeno akaukanyagakanyaga kwa bidii isiyo ya kawaida kwa mtu anayedai klachi. Nikachukua unga mweupe, nikachora upya: pikipiki zikahamia kule, gari likaja huku. Shimo la pili tulilichimba kidogo kidogo na kulijengea mawe ya kuchonga tukiteremka, na upande mmoja tukaweka ngazi. Baba aliketi kwenye kiti hapo juu akiuliza kila jiwe limekaaje.

Sasa Pijo liko juu yake na mimi nafanya kazi chini. Baba yuko kwenye kiti chake kando ya ngazi, trei ya spana mapajani, na nikitaja namba anaitoa kwa kupapasa, hakosei. Kiti nilichokiogopa ndicho anachokalia, na ndicho kinachonichosha, maana haniachi nifanye kazi. Nikinyamaza kidogo tu, bolti imekataa, nimeuma meno naisukuma, nasikia sauti.

"Nabalayo."

"Niko, Baba."

"Imba basi."

"Baba, bolti imeshika!"

"Iache ishike. Panda nikuone."

Napanda. Nanung'unika, lakini napanda ngazi zote, naketi miguuni pake na mafuta hadi viwikoni. Macho yake hayanifikii tena, kwa hivyo ananyoosha mkono, ananipapasa kichwa, mabega, kifua kinachopanda na kushuka.

"Haya," anasema, "rudi kazini."

Lakini siku hizi naketi kidogo kwanza.